Watoto Wawili Chini ya Herufi Moja

Mchoraji wa kitabu cha alfabeti hupewa kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Ukurasa wenyewe ni mdogo, mara nyingi unaenea kiganjani. Sehemu kubwa imeshachukuliwa na herufi: kubwa na ndogo, ya chapa na ya mwandiko. Kinachobaki ni kidirisha chembamba ambamo lazima kikae kitu kimoja kitakachotambulika mara moja na mtoto asiyejua bado kusoma. A ni punda, kwa kuwa kwa Kifaransa punda ni âne. B ni ballon, mpira. C ni cerceau, ringi ya mti inayosukumwa kwa kijiti. Herufi inadai kitu, na kitu hicho kikishachorwa mchoraji amelipa deni lake. Hakuna aliyemwagiza achore urafiki.

Hata hivyo, vitabu vya herufi vilivyochapwa Ufaransa tangu miaka ya 1830 hadi miaka ya 1960 vimejaa watoto wanaopendana. Neno lenyewe halimo. Urafiki kwa Kifaransa ni amitié, nalo huanza na A, lakini A imekaliwa na punda, kwa sababu punda ana masikio na urafiki hauna. Wachoraji wa vitabu hivi, ambao wengi wao hawakuandika hata majina yao chini ya picha, waliupitisha urafiki pembeni mwa herufi, kwenye nafasi iliyobaki. Ni ustadi unaostahili kutazamwa taratibu, kwa kuwa ulifanywa taratibu.

Kitabu cha herufi cha Kifaransa hakikuzaliwa na watoto ndani yake. Kwa karne kadhaa kijitabu cha kwanza cha mwanafunzi kiliitwa Croix de par Dieu, kwa kuwa mstari wa herufi ulitanguliwa na alama ya msalaba. Baada ya herufi zilikuja silabi, na baada ya silabi sala, aghalabu za Kilatini, hivi kwamba mtoto wa mkulima alianza kusoma kwa lugha ambayo nyumbani kwao haikusemwa. Vijitabu hivyo vilichapwa kwa karatasi duni katika miji kama Troyes, vikabebwa na wachuuzi waliotembea kijiji hadi kijiji. Picha ikiwepo, ilikuwa ya mtakatifu. Karne ya 19 ndiyo iliyobadilisha mambo. Sheria ya Guizot ya mwaka 1833 ilitaka kila komuni, yaani mamlaka ya mji au kijiji, igharimie shule ya msingi. Sheria za Jules Ferry za mwaka 1881 na 1882 zikaifanya elimu hiyo kuwa ya bure, kisha ya lazima. Wasomaji wadogo waliongezeka, na wachapaji wakaliona soko. Watoto wakaingia kwenye kurasa, na mlango walioingilia ni michezo.

Hebu tazama majina ya michezo ya Kifaransa yalivyotawanyika kwenye alfabeti. M ni marelle, kurukaruka kwa mguu mmoja kwenye vyumba vilivyochorwa chini. O ni osselets, vifupa vya kifundo cha kondoo vinavyorushwa juu na kudakwa, mchezo ambao kila aliyecheza mdako ataujua bila kuelezwa. Q ni quilles, vigingi vya kuangushwa kwa mpira. R ni ronde, mduara wa kuimba na kuzunguka. S ni saute-mouton, kurukiana migongo. T ni toupie, pia ya kuzungushwa. Vilikuwepo vitabu vizima vya alfabeti ya michezo, na sababu si kwamba wachoraji walipenda michezo tu. Mchezo uliwapa ruhusa. Kidole kimoja hakivunji chawa: ukishaamua kwamba S ni saute-mouton umejifunga kuchora watoto wawili, na ukishachora wawili huwezi kukwepa swali la jinsi wanavyohusiana.

Nitakaa kidogo kwenye saute-mouton, kwa kuwa ndipo fundi anapojulikana. Mmoja ameinama, mikono imeshika magoti. Mwingine yuko hewani, viganja vyake viko mgongoni mwa mwenzake. Aliyeinama hamwoni anayeruka, amemwamini. Mchoraji hodari humbonyeza kidogo mgongo yule wa chini, akamkaza magoti na kuzamisha visigino vyake kwenye nyasi, ili tujue kwamba amebeba uzito wa mtu. Akimbonyeza kupita kiasi, picha inageuka kuwa ya uonevu. Asipombonyeza kabisa, inakuwa picha ya mazoezi ya viungo, watoto wawili wanaotekeleza amri ya mwalimu. Uso wa aliyeinama nao una kazi yake. Wachoraji wa kawaida walimtazamisha chini, tukaona kofia tu. Wale bora walimgeuza kichwa kidogo upande wetu, mdomo umefunguka nusu, kama mtu anayezuia kicheko. Urafiki wote wa ukurasa ule umo kwenye pinda la shingo hiyo.

Mchezo wa kufumbwa macho, colin-maillard, una mtego mwingine. Mtoto aliyefungwa kitambaa amenyoosha mikono, wenzake wanamkimbia. Kwa haraka haraka ni picha ya mmoja dhidi ya wengi. Mchoraji anayewajua watoto huongeza mmoja aliyesogea karibu kuliko inavyofaa, anayenyata nyuma ya aliyefumbwa, kidole mdomoni. Huyo anataka kukamatwa. Kila mtu aliyewahi kuwa mtoto anamkumbuka mwenzake wa namna hiyo. Bembea ya ubao uliolazwa juu ya gogo, balançoire, nayo inamlazimisha mchoraji aamue nani awe juu. Ubao ukinyooka sawasawa, picha imekufa. Ndiyo maana mkubwa huwekwa chini, miguu imekanyaga ardhi, na mdogo huwekwa juu, ameshikilia kwa mikono miwili, na macho ya mkubwa humtazama mdogo, si sisi. Tukiyafuata macho hayo tunaelewa kwamba amekaa chini kwa hiari, ili mwenzake apate kuona mbali.

Katika dînette, mchezo wa kupikapika, kikombe kitupu kinapelekwa mdomoni kwa heshima zote. Ni herufi D, na kitu kinachodaiwa ni vyombo vidogo vya mezani. Mchoraji angeweza kuchora vyombo tu akaenda zake.

Ukizitazama picha hizi nyingi, unaanza kuona sarufi yake. Mafundi hawa walipima pengo kati ya vichwa viwili kwa makini kuliko walivyopima chochote. Vichwa vikigusana, pana siri. Vikitengana kwa upana wa kichwa kimoja, pana mazungumzo. Pengo likizidi hapo, mtoto mmoja ni mgeni au pana ugomvi. Miguu nayo husema: marafiki huelekeza vidole vya miguu upande mmoja, hata nyuso zao zikitazama kwingine. Nyuso zenyewe zilikuwa ndogo mno kubeba mengi, vitone viwili vya macho na kistari cha mdomo, kwa hiyo hisia zililazimika kuhamia mwilini. Naamini ufinyu huo ndio uliozaa uzuri wa picha hizi. Aliyepewa ukurasa mkubwa angechora machozi na tabasamu. Aliyepewa kidirisha alichora bega linaloegemea bega.

Herufi ngumu zilikuwa na raha yake. W iliachwa kabisa katika vitabu vingi vya karne ya 19, ikihesabiwa kuwa ya kigeni, na baadaye ikapata behewa, wagon. Z ilikuwa ya pundamilia au ya zouave, askari wa vikosi vya Kifaransa vilivyoundwa Algeria mwaka 1830, mwenye suruali pana nyekundu iliyowafurahisha wachapaji wa rangi. X iliwatesa kuliko zote, na wengi walikimbilia jina la mtu: Xavier. Hivyo herufi isiyo na kitu ndiyo iliyompa mtoto jina, na mtoto mwenye jina huhitaji wa kumwita.

Sasa tuingie kwenye karakana, maana sifa za mchoraji hazitoshi bila sifa za mchapaji. Lithografia, iliyobuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa karne ya 18, ilifanya kazi kwa kanuni moja rahisi: mafuta na maji hayapatani. Fundi alichora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa likawa laini, akalilowesha, kisha akalipaka wino, na wino ukashika penye mafuta peke yake. Mwaka 1837 Godefroy Engelmann wa Mulhouse alipata hataza ya kuchapa kwa rangi nyingi kwa njia hiyo, kila rangi na jiwe lake. Ukurasa wa watoto wawili waliovaa nguo tofauti ungeweza kudai jiwe la ngozi, la samawati, la nyekundu, la manjano na la mistari myeusi. Karatasi ileile ilipita juu ya kila jiwe kwa zamu, na kila mara ilitakiwa kulala palepale ilipolala mwanzo.

Na kumbuka kwamba kila kitu kilichorwa kinyume. Jiwe ni kioo: kinachochorwa kulia hutokea kushoto. Kwa mchoro wa mti hilo si tatizo kubwa. Kwa kitabu cha herufi ni mtihani, kwa sababu B iliyopinduka ni kosa ambalo hata mtoto wa siku ya kwanza shuleni ataliona. Walikuwepo mafundi waliobobea katika kuandika kinyume juu ya jiwe, kwa mkono, herufi baada ya herufi, mwandiko wa mikia na mizunguko, bila mkono kutetemeka. Mtoto alipofuatisha herufi hizo kwa kidole, alikuwa akifuata njia ambayo mkono wa mtu mwingine uliipita kwa kurudi nyuma.

Mahali pa hatari kuliko pote kwenye ukurasa palikuwa pale mikono miwili iliposhikana. Hapo, katika eneo dogo kuliko punje ya mahindi, zinakutana ngozi ya mmoja, ngozi ya mwingine, mkono wa gauni, mkono wa shati na mstari mweusi unaovitenganisha vyote. Karatasi ikiteleza kidogo tu, wekundu wa gauni unamwagikia vidole, au ukanda mweupe unajitokeza kati ya kiganja na kiganja na marafiki wanaonekana wameachiliana. Nimeona nakala za namna hiyo, na inasikitisha jinsi kosa dogo la mashine linavyoweza kuvunja ahadi ya picha. Ndiyo maana nakala nzuri, ambamo vidole vimefumana na rangi zimekaa ndani ya mipaka, inatudai tumsifu mtu aliyesimama kwenye mashine kama tunavyomsifu aliyeshika kalamu.

Huko Épinal, mji wa milima ya Vosges kando ya mto Moselle, kazi ilikuwa na sura nyingine. Jean-Charles Pellerin alianzisha karakana yake ya picha mwaka 1796, na jina la mji huo likawa jina la aina nzima ya picha za bei nafuu Ufaransa: za watakatifu, za askari, za hadithi, na za alfabeti. Mwanzoni mistari ilichongwa kwenye mbao za mpeasi, baadaye ikahamia kwenye jiwe. Rangi zilipakwa kwa stensili. Karatasi ngumu iliyotiwa mafuta ilikatwa mashimo mahali pa rangi moja, ikalazwa juu ya picha, na brashi nene ya mviringo ikapitishwa kwa mkupuo. Nyekundu, kisha karatasi nyingine na samawati, kisha nyingine na manjano. Haraka hiyo iliacha alama. Rangi ya kofia ya mvulana huishia nje ya kofia, wekundu wa shavu la msichana uko karibu na sikio. Mimi nazipenda alama hizo, kwa sababu zinaonyesha kwamba mkono ulipita hapo. Lakini mikono hiyo ilikuwa ya nani? Katika karne ya 19 upakaji rangi ulifanywa hasa na wanawake na watoto. Mtoto mfanyakazi alipaka wekundu kwenye mpira wa mtoto mchezaji, ukurasa baada ya ukurasa, na mpira huo haukuwa wake. Tunaposifu ufundi wa Épinal, sifa hiyo iwafikie hao kwanza.

Jina moja linastahili kutajwa hata kama mwenyewe hasifiki kwa vitabu vya alfabeti: Louis-Maurice Boutet de Monvel, mzaliwa wa Orléans aliyefariki mwaka 1913. Mwaka 1883 alichora kitabu cha nyimbo na mizunguko ya watoto wadogo. Mwaka 1887 kikaja Nos enfants, chenye maandishi ya Anatole France. Alichokifanya ni kupunguza. Alifuta vivuli, akafuta mandhari, akaacha mstari mwembamba na rangi tulivu zisizo na kina, na karatasi tupu ikawa uwanja wa kuchezea. Katika mduara wake wa watoto, wale wa mbele wametugeuzia migongo. Hatuoni nyuso zao, tunaona visigino, mikunjo ya aproni na mikono iliyoinuliwa kidogo kuwafikia wenzao warefu. Sijui mchoro wa kitoto unaoeleza kwa uangalifu zaidi kwamba watoto wana urefu tofauti na kwamba mduara hubebwa na anayekubali kuinama.

Baadaye André Hellé alichukua unyofu huo akaupa umbo la vinyago vya mbao. Alikuwa fundi wa vitu vya watoto kwa kila namna: mwaka 1913 alishirikiana na Claude Debussy katika La Boîte à joujoux, ballet ya sanduku la vinyago. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipokuja alichora Alphabet de la Grande Guerre, kwa ajili ya watoto wa askari, na askari wake wamesimama kama vinyago vilivyopangwa. Ni kitabu cha kutia majonzi, kwa kuwa kinatumia lugha ya mchezo kumweleza mtoto baba yake yuko wapi. Jean de Brunhoff naye, katika ABC de Babar ya mwaka 1934, aliacha kabisa desturi ya kitu kimoja kwa herufi moja. Alijaza kila tukio vitu vingi vinavyoanza na herufi ileile, hivyo kitabu hakisomeki vizuri na mtoto mmoja. Kinataka wawili walale kifudifudi na kushindana kuonyesha kwa kidole. Urafiki ukatoka ndani ya picha ukahamia kwa wasomaji.

Picha pia zilitangulia mambo ambayo shule zenyewe zilikuwa hazijayafanya. Kwa muda mrefu wavulana na wasichana wa Ufaransa walisoma kwa kutengwa. Sheria ya Duruy ya mwaka 1867 ilizitaka komuni zenye watu zaidi ya 500 ziwe na shule ya wasichana, na utengano huo ulidumu mahali pengi mpaka katikati ya karne ya 20. Ni sheria ya Haby ya mwaka 1975 iliyoufanya mchanganyiko kuwa kanuni. Lakini kwenye vitabu vya kuanzia kusoma mvulana na msichana walikuwa wameshashikana mikono zamani. Daniel et Valérie, kitabu cha mwaka 1964 kilichochorwa na Raylambert, kimewabeba wote wawili kwenye jina lake, na maelfu ya Wafaransa walio wazee leo wanawakumbuka hao wawili pamoja na silabi zao za kwanza.

Kuna ukurasa mmoja ambao siwezi kuusifu. Katika baadhi ya vitabu vya enzi ya ukoloni, herufi N ilipewa mtu mweusi, kwa neno la dharau. Dharau hiyo haimo kwenye neno tu, bali hata kwenye ufundi. Kwenye kurasa nyingine mtoto amepewa mwenzake, mchezo, bega la kuegemea. Mweusi wa herufi N mara nyingi amesimama peke yake, amegeuzwa kuwa kitu sawa na ndege au kofia, na kidirisha chake hakina pengo la kupima kwa sababu hakuna kichwa cha pili. Mafundi walewale waliojua kila siri ya kuwaweka watoto wawili pamoja hawakuitumia hapo. Mamadou et Bineta, kitabu cha kusomea cha André Davesne kilichoenea katika makoloni ya Ufaransa ya Afrika Magharibi na ya Kati, kiliwaweka angalau mvulana na msichana wa Kiafrika katikati ya ukurasa, wakiwa wawili, wakiwa na majina. Kilikuwa kitabu cha shule ya mkoloni, na kina mipaka ya asili yake. Lakini vizazi vya watoto vilivyokitumia havikusahau kwamba walikuwa wawili.

Vingi vya vitabu hivi sasa havina mwenye hakimiliki, na maktaba ya taifa ya Ufaransa imeviweka wazi kwenye tovuti yake ya Gallica, bila malipo. Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu, aliyeanza shule kwa Kifaransa, atavisoma moja kwa moja. Sisi wengine hatuhitaji kujua lugha. Andika abécédaire kwenye sehemu ya kutafutia, fungua kitabu chochote, ruka herufi zote mpaka S. Usianze na nyuso. Anza na mikono, kisha miguu, kisha pengo kati ya vichwa. Na kama wewe ni mchoraji wa vitabu vya watoto wa kwetu, na mhariri amekuagiza uchore kitu kimoja tu kwa kila herufi, mwombe nafasi ya mtoto wa pili.